Naomba ushauri: IST yangu niifunge gesi au nihamie gari la umeme?

Wakuu, habari zenu. Nina IST ya petroli, naendesha hapa Dar, zaidi Mbezi hadi Posta. Fundi ananishawishi nifunge mfumo wa gesi, shemeji anasema niiuze, niongezee hela nichukue ya umeme. Bei nimeshapiga hesabu, hapo sina shida. Ninachotaka kujua ni ipi kweli inachafua mazingira kidogo, tuache matangazo.

Gesi yetu ya Songo Songo inaungua safi kuliko petroli, sawa, lakini ni methani: ikivuja kabla ya kuungua inapasha dunia joto kuliko hewa ukaa yenyewe. (Na mtungi unakula buti karibu lote!) Umeme nao, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, ila gridi bado inachoma gesi hiyo hiyo. Halafu betri. Baadhi zina madini ya kobalti, na kobalti nyingi duniani inatoka Kongo, na kule Kolwezi wapo wanaoichimba kwa mikono. Betri za LFP (za lithiamu, chuma na fosfeti) hazina kobalti, sasa kwenye gari la mtumba nitazitambuaje? Na ikichoka, hapa Bongo inapelekwa wapi?

Mliotumia zote mbili, nisaidieni. Fundi anataka jibu mwisho wa mwezi.