Colo, colere: kulima, kukaa au kuabudu?

Mjukuu wa Masasi:
Shikamooni wakubwa. Marehemu babu alisoma seminari enzi ambazo Misa ilikuwa ya Kilatini. Ameniachia mikorosho na daftari lililoliwa na mchwa pembeni. Ukurasa mmoja ameandika kitenzi kimoja cha Kilatini kwa sura zake nne: "Colo, colere, colui, cultum: kulima, kukaa, kuabudu." Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Si colo ya chujio!" Jana nimepalilia kutwa nzima nikiliwaza neno hilo. Mambo matatu hayo yanakutana wapi? Na chujio limeingiaje?

Mwalimu Mstaafu, Lindi:
Marahaba, mjukuu wangu. Asili ya kale ya neno hilo ni kuzunguka. Anayelizungukia shamba huwa analihudumia: colere agros. Anayezunguka mahali pamoja siku zote ndiye mkazi wake. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, alimwandikia rafiki yake mwaka 50 KK: "Urbem, urbem, mi Rufe, cole", yaani mjini, Rufus wangu, kaa mjini. Na miungu nayo huhudumiwa: deos colere. Ndiyo maana mkulima ni agricola, mkazi ni incola, ibada ni cultus. Fungua Yohana 15:1: "Pater meus agricola est", Baba yangu ndiye mkulima.

Colo ya chujio ni colare. Kwa maandishi, ukisema "mimi" zinafanana kabisa. Ukisema "wewe" zinaachana: colis unalima, colas unachuja. Mathayo 23:24 ina "excolantes culicem", wenye kuchuja mbu. Babu yako alishika somo vizuri.

Binti wa Nyangao:
Shikamoo mwalimu. Mkoloni naye anatoka humo?

Mwalimu Mstaafu, Lindi:
Marahaba. Humo humo. Colonus ni mkulima, colonia ni makazi ya walowezi waliogawiwa ardhi. Hili huniuma kila nikilifundisha. Neno la jembe limetufikia likiwa jina la watu waliowalimisha wazee wetu pamba kwa nguvu, mpaka Wamatumbi kule Kilwa wakaanzisha Maji Maji mwaka 1905.

Mjukuu wa Masasi:
Nashukuru sana, mwalimu. Babu kila alfajiri, kabla hajashika jembe, alizunguka mkorosho mmoja mmoja akiangalia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nilidhani anapunga upepo tu. Ukurasa unaofuata kaandika fero, ferre, tuli, latum. Nikimaliza kupalilia nitauleta hapa.