Bangi ikiruhusiwa kwa leseni, magendo yataisha?

Jicho la Pembeni (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kila msimu tunaonyeshwa bangi ikifyekwa na kuchomwa Kisimiri Juu kule Meru, Tarime, Morogoro. Mvua zikirudi, na mashamba yanarudi. Lesotho walianza kutoa leseni 2017, Malawi wakatunga sheria 2020. Hoja yangu ni nyepesi: kilimo kikiruhusiwa, mlanguzi anakosa kazi. Nani ahangaike na gunia la porini usiku wakati linauzwa mchana na risiti juu? Matusi hapana.

Kifyekeo
Mkuu, hii mada umeiandika kabla au baada ya kuvuta?

Mama Wawili
Una mtoto wa kiume kidato cha pili? Mimi ninaye. Ukishampata wako ndiyo uje tujadili risiti.

Jicho la Pembeni
Dada Mama Wawili, sijasema watoto wauziwe. Hata Canada waliporuhusu 2018 waliweka umri.

Mtaa wa Pili
Jirani zetu walikuwa na mgombea urais Wajackoyah 2022, bangi ilipe deni la Kenya lote. Kura alizopata hazikufika hata asilimia moja.

Kifyekeo
Yule aliahidi na sumu ya nyoka. Labda nyoka ndiye aliyemponza.

Dereva Mstaafu
Acheni mzaha, wengine tuna ndugu huko California. Walipiga kura 2016, maduka yakafunguliwa Januari 2018. Wa magendo bado wapo tele. Mwenye leseni analipa kodi juu ya kodi, analipia vipimo vya maabara, na miji mingi tu imekataa maduka. Wa msituni halipi hata senti, kwa hiyo anauza chini ya bei ya duka, na nyingine anaisafirisha kwenye majimbo ambako bado ni marufuku, maana huko ina bei. 2022 wakafuta kodi ya kulima, wa msituni akaendelea kulima. Magendo yanafuata bei, hayaulizi sheria inasemaje. Mbona hapa kwetu kahawa ni halali tangu enzi za mababu, na Wahaya wa Kagera bado wanaivusha mpaka wa Uganda pale Mutukula usiku?

Omwana wa Kanyigo
Weee! "Wahaya" ndio akina nani? Unanijua? Baba yangu kasomesha watoto saba kwa mibuni, hajawahi kuvusha hata kisado. Unamfananisha na wauza msuba? Na hao wanaovusha, umewahi kuwauliza kwa nini? Unapeleka kahawa ushirika, unapewa karatasi, unaambiwa subiri malipo. Ng'ambo ya mpaka mtu ana hela mkononi. Mwizi hapo ni nani?

Dereva Mstaafu
Povu la nini? Umerudia nilichosema, umeongeza hasira tu.

Kifyekeo
Tulieni. Mhaya wetu bado hajaanza Kiingereza, kwa hiyo hajakasirika.

Omwana wa Kanyigo
Excuse me?

Kifyekeo
Haya sasa, kumekucha.

Bwana Shamba
Nilifanya kazi Karagwe miaka mingi, niwasaidie. Tatizo lilikuwa butura. Ada ya shule imefika, mibuni ndiyo kwanza ina maua. Mkulima anauza hayo maua kwa mwenye pesa, kwa bei ya kutupa. Ikivunwa si yake tena. Anayeivusha mara nyingi ni huyo aliyenunua maua, si mzee wa watu. Kwetu tangu minada ianze na bei ipande, pikipiki za usiku nazisikia kwa nadra.

Jicho la Pembeni
Ndiyo hoja yangu hiyo! Mchana ukilipa, usiku unakosa wateja.

Dereva Mstaafu
Ni hoja YANGU hiyo. Kilichobadilika hapo ni bei. Kahawa ilikuwa halali siku zote.

Mtaa wa Pili
Kwani sasa tunajadili kahawa au bangi? Na kilo ya robusta siku hizi shilingi ngapi?

Mteremko wa Meru
Mimi ni wa huku Kisimiri Juu mnakokutaja, nasoma tu. Niseme moja. Viazi vinashushwa kwa punda hadi barabarani, mvua ikinyesha gari haliji, gunia linaozea pale. Bangi haiozi, na mnunuzi anakufuata mwenyewe hadi mlangoni. Sasa leteni hiyo leseni. Itataka uzio, mlinzi, maabara, mkataba na mnunuzi wa nje. Mwenye ekari moja ya mteremko atavipata wapi? Atakuja mtu wa mjini na mtaji wake, ataitwa mwekezaji. Sisi tutabaki wa magendo vilevile, ila safari hii atakayeita askari ni mwekezaji, kwa kuwa tunamharibia soko.

Kifyekeo
Gunia la viazi huko kwenu ni la kilo mia au lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi?

Mteremko wa Meru
Lumbesa, ndugu yangu. Ukikataa, dalali anaondoka.

Mama Wawili
Lumbesa ipigwe marufuku kabla ya hiyo bangi! Mkulima anapunjwa, na sisi sokoni bei haishuki.

Bwana Shamba
Mama, lumbesa ni marufuku miaka yote. Wakala wa Vipimo wanakamata kila msimu.

Mama Wawili
Basi wanakamata kama wanavyofyeka.

Omwana wa Kanyigo
Dereva Mstaafu, bado nasubiri uniombe radhi.

Kifyekeo
Muombe kwa Kiingereza, itafika haraka.