Tupeane uzoefu: unajuaje pumba na dawa za mifugo bado freshi kabla hujatoa hela?

KukuPongwe:
Wakuu habari za mchana. Niko Pongwe huku Tanga, nafuga kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa kidogo. Masika hii unyevu si wa kitoto, chakula kinaharibikia dukani kabla hakijafika bandani, na ukiuliza unaoneshwa tarehe kwenye mfuko. Sasa tarehe itanisaidia nini kama mfuko umelala sakafuni unanyonya maji? Nyie mnaangaliaga nini?

Mama Mtindi:
Mdogo wangu mi naomba mfuko ufunguliwe pale pale, akikataa nasogea duka la pili. Nazamisha mkono mpaka kiwiko, sio hapa juu walipopapendezesha. Ukikuta katikati kuna joto au pumba imeshikana mabonge, ujue maji yameshaingia hata kama harufu bado. Alafu chota kidogo usugue viganjani unuse, pumba nzuri inanukia unga, mashudu na dagaa vikianza kuchacha vinanuka mafuta yaliyolala. Na mifuko kama imepangwa chini bila mbao, wa chini kabisa usiuchukue hata muuzaji awe shemeji yako.

Mzigua_Halisi:
Kuna jamaa huku Muheza mahindi yakiota ukungu anaanika, anasaga, analisha. Anasema jua linaua. Na kuku wake wapo tu wanadunda

MzeeWaJosho:
Mzigua mwambie aache aisee. Jua linakausha ukungu, sumukuvu, yaani sumu iliyoachwa na ukungu, inabaki pale pale, na yenyewe huioni wala huinusi. Kuku hafi siku hiyo, unaona mayai yanapungua, ini linaharibika taratibu, wewe unamlaumu aliyekuuzia vifaranga. Kwa ng'ombe ndo balaa maana inatokea kwenye maziwa na kuchemsha hakuitoi, watoto wanakunywa.

Mzigua_Halisi:
Duh. Namfowadia saivi

Binti Makorora:
Mmeng'ang'ania pumba, dawa je? Kuna duka sitalitaja, nilikuwa nachukua chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa kuku, pale, siku nimewahi asubuhi namkuta kijana ndo anachomeka friji ukutani, eti usiku wanazima kubana umeme wa LUKU. Chanjo inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8 muda wote jamani, usiku na mchana! Tangu hapo nikifika naomba friji lifunguliwe nione, nikikuta chanjo imebanana na soda za wateja na mlango unafunguliwa kila dakika, naaga kwa heshima zote. Ile chanjo ya mdondo (kideri) inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko hizo zingine ila nayo sio ya kuanikwa kaunta. Kwa chanjo zilizokaushwa, kichupa kitazame vizuri, kidonge cha ndani kiwe kikavu, kikiwa kimenata au kimeyeyuka rudisha. Na barafu njoo nayo kwenye chupa ya chai, usitegemee kimfuko cha rambo juu ya bodaboda na jua hili.

MzeeWaJosho:
Hapo kwenye dawa za sindano naongezea. Tazama kizibo cha mpira, kikiwa na matundu ujue kuna watu walishavutiwa dozi humo, na lebo nyingi zinakupa siku 28 tu tangu ifunguliwe. OTC (oxytetracycline, antibiotiki ya sindano) iliyopangwa dirishani jua linaipiga, imekuwa nyeusi kama kahawa, hiyo siyo dawa ya kumchoma mnyama wako. Linganisha pia namba ya bechi ya kwenye boksi na ya kwenye chupa, zikitofautiana au tarehe imekwanguliwa hata usibishane naye, toka. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanapokea malalamiko ya dawa za mifugo pia, sio za binadamu peke yake.

KukuPongwe:
Shukrani sana. Dagaa je, wa kusaga? Hawa wa sasa naona wazito mno kwa bei ile

Mama Mtindi:
Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo. Mchanga utaukuta umekaa chini wote, hapo ndo uanze kuongea bei.