Je, vitu vipo hata kama hakuna anayeviona?

Kijana wa Sinza:
Wakuu habari za jioni. Juzi kijiweni jamaa mmoja anayesoma falsafa pale Mlimani katuambia hakuna kitu kilichopo chenyewe, kila kitu kipo kwa sababu kuna anayekiona au kukisikia, akamtaja na Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland aliyeandika hivyo 1710. Nikamuuliza kwa hiyo Dar nzima tukilala bahari inaondoka? Akanijibu utajuaje na wewe umelala. Nikakwama, na linanisumbua kweli, naombeni hoja.

Mvuvi Kunduchi:
Mkuu huyo jamaa kakupa nusu habari. Berkeley mwenyewe hakusema bahari inaondoka, alisema Mungu anaviona vyote muda wote ndo maana vinabaki. Ukiitoa hiyo, aje anielezee bamvu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu. Sisi huku tunaacha ngalawa imekaa mchangani tunaenda kulala, alfajiri unaikuta inaelea na kamba imekaza, na saa ya maji kujaa tulishaijua toka jana maana yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Mwezi mchanga na mwezi mpevu bamvu, katikati hapo maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo tu. Nani alikuwa anayatazama usiku? Kama bahari inatusubiri sisi tuione isingekuwa na ratiba ambayo hatukuipanga.

Dada Tabata:
Kaka Mvuvi kwa bahari nakubali, ila hoja ya jamaa msiitupe yote. Chukueni mabeseni matatu, moja maji ya friji, moja ya moto kiasi, moja ya bomba tu. Mkono mmoja kwenye baridi mwingine kwenye moto, subiri kidogo halafu yote miwili itumbukize kwenye ya bomba. Mmoja utasikia moto mwingine baridi na maji ni yale yale, kipimajoto kinasoma namba moja! John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, aliliandika hili karne ya 17. Rangi nazo hivyo hivyo, nyuki anaona kwenye ua michoro ambayo sisi hatuioni kabisa. Halafu noti ya elfu kumi je? Karatasi itakuwepo hata tukilala wote, ila siku watu wote wakiacha kuikubali thamani imekufa hapo hapo. Kwa hiyo mdogo wangu usiulize kwa jumla, uliza kitu kimoja kimoja, bahari kivyake, joto kivyake, pesa kivyake.

Fundi Redio:
Na ile ya elektroni, zile chembe ndogo za ndani ya atomu, kubadilika ukiitazama?

Mwalimu wa Fizikia, Temeke:
Ndugu Fundi elektroni haihitaji jicho la mtu. Kwenye jaribio la matundu mawili elektroni zinarushwa kupitia matundu mawili membamba na kuchora mistari mistari kwenye ukuta wa nyuma, ila ukiweka kifaa cha kunasa imepita tundu lipi, ile mistari inapotea hata kama maabara imefungwa na hakuna anayesoma matokeo, kifaa kugusana nayo kinatosha. Einstein aliwahi kumuuliza mwenzake Pais kama kweli anaamini mwezi upo pale tu anapoutazama. Wanafizikia mpaka leo wanabishana hesabu zinazoelezea elektroni zina maana gani, lakini wanaodai akili ya mtu ndo inaiamulia elektroni ni wachache sana.