Tope la mtaro tulilolipia kutolewa limerudi mtaroni. Viongozi wa mtaa, hesabu iko wapi?

BondeniKwetu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauleta nikiwa na hasira na sitaipunguza. Mtaro mkubwa wa mtaa wetu hapa Dar ulizibuliwa kwa michango ya wakazi kabla ya masika. Masika yenyewe hayajaisha, mtaro umejaa tena, na nyumba za chini zinapokea maji yenye kinyesi mlangoni. Tukihoji tunaambiwa mvua ni kazi ya Mungu. Mvua ni kazi ya Mungu, sawa, lakini lile tope kuachwa ukingoni ni kazi ya watu, na watu hao wanajulikana.

Kuzibua mtaro ni kazi mbili. Ya kwanza ni kulitoa tope, ya pili ni kulizoa na kwenda kulimwaga mbali. Hapa ilifanyika ya kwanza tu. Vijana waliingia na makoleo, wakatupa kila kitu pembeni, wakalipwa, wakaondoka. Aliye karibu na kalavati akaliangalie lundo lililobaki: juu limekauka na kupasukapasuka, chini bado bichi, ndani kuna chupa za maji, pampasi, salfeti zilizochanika na nywele za saluni. Upande unaotazama mtaro umemeguka wote. Ulikoenda huo upande hauhitaji kuuliza.

Sasa hesabu, maana viongozi wetu hawapendi hesabu. Kipande kilichozibuliwa ni kama mita 120. Upana sentimita 60, kina sentimita 80, na kilikuwa kimejaa nusu. Zidisha 120 kwa 0.6 kwa 0.4, unapata karibu mita za ujazo 29. Tope bichi la mtaroni lina uzito wa kama tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tunazungumzia tani zaidi ya 40. Tipa inayobeba mita za ujazo 5 inahitaji tripu sita. Hakuna tipa hata moja iliyoingia mtaa huu. Kama fedha ilikuwa haitoshi kuzoa mita 120, wangezibua mita 50 na kuzizoa kabisa. Mita 50 safi zinapitisha maji. Mita 120 zenye tope ukingoni ni fedha iliyotupwa.

Na walianza upande usiofaa. Mtaro unazibuliwa kuanzia chini, pale maji yanapotokea, unapanda kwenda juu. Ukianzia chini, maji yanapata njia huku mnafanya kazi na mnalifikia tope likiwa limeshuka. Wao walianzia juu, tope jepesi likasukumwa na maji hadi kwenye kalavati la bomba la sentimita 60, likatulia humo. Bomba hilo halijaguswa. Mtu akisimama mdomoni haoni mwanga wa upande wa pili.

Kuna na wenye fremu waliomwaga zege juu ya mtaro ili wateja wapite. Zege la moja kwa moja, mita sita, halina hata tundu la kuchungulia. Chini yake hakuna koleo linaloingia, kwa hiyo hata mkizibua mtaa mzima maji yataishia hapo. Mfuniko wa mtaro unatengenezwa vipande vipande: urefu sentimita 80, upana 50, unene 10, na nondo mbili zimekunjwa juu kama mishikio. Kipande kimoja kina kama kilo 96, watu wawili wanakiinua kwa ndoano. Viongozi waliona lile zege likimwagwa mchana, wakanyamaza. Nani aliwaruhusu?

Taka nazo. Gari linapita kila baada ya wiki mbili, likipita. Chukua mtaa wa kaya 400 zenye watu watano watano, kila mtu akitoa nusu kilo tu ya taka kwa siku. Hizo ni tani moja kwa siku, tani saba kwa wiki. Gari la tani tatu na nusu linatakiwa tripu mbili kila wiki, likiwa limejaa. Likija mara moja kwa wiki mbili linaacha zaidi ya tani kumi mitaani. Zinakwenda wapi? Usiku zinatumbukizwa mtaroni, halafu asubuhi tunaambiwa wakazi ni wachafu. Wapo wachafu, na watajwe. Ila mtu hawezi kukaa na maganda ya ndizi na vichwa vya samaki ndani ya chumba kimoja kwa siku 14. Kaya hizo 400 zikilipa 3,000 kwa mwezi ni shilingi 1,200,000. Fedha hiyo ilipaswa kusomwa mbele ya mkutano, mapato na matumizi, shilingi kwa shilingi.

Mimi nataka mambo matatu: karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, lundo lote lizolewe kabla ya mvua kubwa inayofuata, na lile zege livunjwe kwa gharama ya aliyelimwaga.

mdau_wa_kata

Mleta uzi una haki ya kukasirika lakini tuwe wakweli kidogo. Mwenyekiti wa mtaa hana bajeti. Hana gari. Posho yenyewe ni ya kubahatisha. Mnamdai kana kwamba yeye ni mkurugenzi wa jiji. Mtaro ulioko pembeni ya barabara ya mtaa ni wa kupelekwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ndiyo yenye barabara hizi tangu ilipoanzishwa mwaka 2017.

BondeniKwetu

Mkuu, nakubali kwamba hana bajeti. Ndiyo maana hasira yangu ni kwa fedha aliyoikusanya, si kwa fedha asiyonayo. Na kama mtaro ni wa TARURA, barua ya kuwaomba iko wapi? Ina tarehe gani, imepokelewa kwa muhuri gani? Tuonyeshwe nakala tunyamaze.

Dada wa Sheria

Nakazia hapo kwenye fedha, kwa sababu watu wengi wanalipa bila kujua wanachokilipia.

Mtaa si kijiji. Kijiji kina halmashauri yake yenye nguvu ya kisheria na kinaweza kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini uko chini ya halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Kamati ya mtaa haiwezi kukaa jioni ikajipangia tozo na faini. Ile "faini ya 50,000 kwa asiyefanya usafi" lazima itoke kwenye sheria ndogo ya halmashauri iliyotangazwa katika Gazeti la Serikali. Ukidaiwa, uliza ni sheria ndogo ipi na kifungu kipi. Asiyeweza kujibu hana la kukutoza.

Ada halali ya halmashauri inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu, au kwa mkusanyaji mwenye mashine ya POS. Kitabu cha risiti cha kununua dukani, kisicho na jina la halmashauri wala namba za mfululizo, hakithibitishi chochote. Ni hivyohivyo kwa shilingi 5,000 za barua ya utambulisho. Kama ni ada, ina namba ya malipo. Kama haina, usitoe, na omba mtendaji aandike kwa mkono wake kwamba amekunyima barua kwa sababu hiyo. Hataandika.

Mchango wa hiari unaruhusiwa, wa mtaro hata wa ulinzi shirikishi. Ila uwe na muhtasari wa mkutano ulioupitisha wenye orodha ya waliohudhuria, akaunti yenye watia saini watatu na mmoja wao awe mkazi asiye kiongozi. Bila muhtasari hakuna uamuzi wa wakazi, kuna uamuzi wa watu wanne waliokutana barazani.

Tena jamani, tuache kuwapa michango mabalozi wa nyumba kumi. Balozi ni kiongozi wa chama. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, nafasi hiyo si ya serikali ya mtaa.

fundi_karo

Hamjataja kinachoumiza zaidi. Mvua ikianza, kuna nyumba zinatapisha vyoo. Wanatoboa tundu kwenye ukuta wa shimo upande wa mtaro, wanaliziba kwa matambara na udongo, mvua ikichachamaa wanazibua. Harufu inawasaliti hata usiku. Hiyo ndiyo njia ya kipindupindu, na wanaoanza kuugua ni watoto wa nyumba za chini.

Wanaosema gari la majitaka haliingii vichochoroni wanasema kweli, lakini si kisingizio. Ipo pampu ya kusukuma kwa mkono, tope la choo linajazwa kwenye mapipa yenye vifuniko, yanabebwa kwa guta hadi linapofika gari. Kabla ya kupampu mnaopoa matambara na mataulo ya kike kwa ndoano ndefu, mnaongeza maji na kukoroga, maana tope zito halipandi. Nyumba nne zikipangiwa siku moja, gharama inashuka sana. Ofisi ya mtaa ingeweza kuratibu hilo bila bajeti yoyote, ni daftari na kalamu tu. Hawajafanya.

Kwa waliokwishaingiliwa na maji: kwangueni tope lote kwanza, osheni kwa maji na sabuni, ndipo mpige dawa. Klorini ikikutana na uchafu inaisha nguvu. Dawa ya kufulia nyeupe yenye klorini asilimia 5, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, iacheni sakafuni dakika kumi kabla ya kufuta. Msichanganye na asidi ya kusafishia choo, mvuke wake unaharibu mapafu. Maji ya visima vifupi vya bondeni msinywe bila kuchemsha, hata yakionekana maangavu.

mdau_wa_kata

Hili la vyoo linanifanya nibadili kauli. Afisa afya wa kata ana mamlaka ya kukagua na kushtaki, hamhitaji mwenyekiti. Pelekeni malalamiko kwa maandishi, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, kwa sababu diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na anaweza kuliingiza kwenye ajenda. Tajeni namba za nyumba. Barua isemayo "baadhi ya watu" haitamfikisha mtu popote.

BondeniKwetu

Sawa. Barua ya afisa afya naiandika leo, fundi_karo nisaidie kuonyesha matundu yako kuta zipi. Dada wa Sheria, tunaomba maneno ya kuomba mkutano wa dharura, majina ya wakazi yakusanywe na namba za simu na saini, nyumba kwa nyumba. Ajenda ziwe mbili tu, mapato na matumizi, kisha zege la kwenye fremu. Wakituwekea "mengineyo" mwanzoni ili giza liingie kabla ya hesabu, tunakataa palepale. Mwenye futi kamba na simu ya kupiga picha aje kesho saa moja asubuhi kwenye kalavati, tupime lundo lililobaki kabla halijaingia lote mtaroni.