Kipimo kimesema hakuna mbegu ya kiume hata moja, na mimi mwili uko fiti. Nisaidieni kuelewa

Kipuri_Sakina ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Jina ni la bandia, shoga za mke wangu wamejaa humu.

Nina miaka 34, nauza vipuri vya gari hapa Arusha. Ndoa inaingia mwaka wa tatu, mtoto bado. Mwanzoni tulikuwa tunacheka tu. Desemba iliyopita tulipanda kijijini Machame kama kawaida, watu tumejaa uani, nyama inagawiwa, bibi mmoja wa ukoo akamshika mke wangu tumbo mbele ya mashemeji na kuuliza, "Huku kuna nini, upepo?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Usiku mwenzangu aligeukia ukutani mpaka kunakucha.

Yeye amepimwa kila kitu. Altrasaundi mara nne, homoni, hadi ile picha ya mirija wanayoingiza dawa, ambayo alirudi anatembea kama aliyepigwa. Majibu yote safi. Kila kliniki walimuuliza, "Na baba amepimwa?" Akija kuniambia nakasirika. Mimi nilijua niko sawa kwa sababu shughuli ya chumbani hainishindi, tena mwaka huu imezidi.

Mwezi uliopita nikakubali. Pale maabara wakanipa kikopo na kunionyesha choo. Choo chenyewe kina ndoo ya kudekia, na nje mtu anagonga kila dakika anauliza kama nimemaliza. Nikashindwa. Wakaniruhusu nikafanyie nyumbani, ila nirudi ndani ya saa moja na kikopo nikiweke karibu na mwili kisipoe. Basi nikakibana kwapani ndani ya koti, nikapanda bodaboda mkono mmoja umeganda kama nimevunjika. Mianzini tukakuta foleni. Nilifika dakika ya 50 hivi.

Majibu: ujazo mililita 2.1, mbegu HAKUNA. Wakaandika kwamba waliizungusha kwenye mashine na kuangalia tena, hakuna.

Maswali yangu ni mawili. Je, foleni na baridi ya Arusha vinaweza kuziua mbegu zikapotea kabisa? Na kuna jamaa ananiuzia virutubisho vya zinki na foliki vya miezi mitatu, shilingi 180,000. Ninunue?

Kiafya sina tatizo. Sivuti, bia ni mbili za Jumapili. Jimu sijakosa mwaka na nusu, kifuani nanyanyua kilo 120, mayai manane kwa siku, unga wa protini, na ile ya kocha ya Jumatatu na Alhamisi. Chunusi tu za mgongoni ndizo zinanisumbua.

Mzee_wa_Mizizi amejibu:

Kijana njoo faragha. Wiki mbili tu mkeo anatapika asubuhi.

Mama_Maabara amejibu:

Mzee wa Mizizi, wewe nakujua tangu uzi wa kisukari. Kaa pembeni kwanza.

Kaka Kipuri, mimi niko maabara Moshi, vikopo vya namna hiyo nimevipokea miaka 11. Vingine vimekuja kwenye soksi. Kwapani ni sahihi kabisa, usione aibu.

Kuchelewa na baridi vinapunguza mwendo. Mbegu iliyokufa bado inaonekana kwenye hadubini, imelala tu, kichwa na mkia vipo. Kwa hiyo foleni ya Mianzini ingeweza kukupa jibu la "hazitembei". Haiwezi kukupa jibu la "hakuna". Na kama walizungusha wakaangalia tena, walifanya kazi yao vizuri.

Ila kipimo kimoja hakitoshi. Rudia baada ya wiki kadhaa, ukiwa hujamwaga kwa siku 2 hadi 7. Na usimwage tone la kwanza nje ya kikopo, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Wengi wanalipoteza kwa haraka halafu wanakaa kimya, sisi tunahesabu mabaki.

Ukipata karatasi nyingine, viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita, au milioni 39 kwa ujumla, na zinazotembea asilimia 42. Watu wanavisoma kama alama za mtihani. Vilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, ukachukuliwa mstari ambao asilimia 5 yao walikuwa chini yake. Maana yake hao walikuwa chini ya mstari na bado ni baba za watu.

Zinki na foliki usinunue. Marekani walijaribu kwa wanandoa 2,370, wanaume wakameza kwa miezi sita, nusu wakimeza vidonge visivyo na kitu bila kujua. Matokeo yalitoka 2020: watoto waliozaliwa hawakutofautiana, na mbegu hazikuboreka. Waliomeza dawa halisi ndio walilalamika zaidi tumbo. Hiyo 180,000 ina kazi nyingine.

Sasa nikuulize mimi. Umeandika "ile ya kocha ya Jumatatu na Alhamisi". Ni nini hiyo?

Kipuri_Sakina amejibu:

Asante dada. Ni sindano ya mwili. Kichupa kidogo, mafuta ya njano, kimeandikwa testosteroni enanthati miligramu 250. Anatuchoma takoni. Wiki 12, tunapumzika kidogo, tunarudi. Hiyo si homoni ya kiume yenyewe? Nilidhani ndiyo inaongeza.

Tabibu_Kiborloni amejibu:

Nilikuwa napita tu, ila hapa nimesimama.

Ndugu yangu, una simtanki nyumbani? Kuna boya ndani. Maji yakijaa, boya linapanda na kufunga bomba la mamlaka. Sasa chukulia jirani anakuletea maji kwa boza kila Jumatatu na Alhamisi. Tanki limefurika, boya limepanda, bomba limefungwa. Wewe unaona maji tele, unaoga mara tatu. Lakini ile bustani uliyoiunganisha moja kwa moja kwenye bomba, kabla ya tanki, imekauka.

Boya lako liko kwenye ubongo. Kuna tezi pale chini yake inayotuma wajumbe wawili, yaani homoni za LH na FSH. LH huziambia korodani zitengeneze testosteroni yake, FSH husukuma kazi ya mbegu. Mbegu hazitengenezwi kwa testosteroni ya kwenye damu. Zinahitaji ile inayotengenezwa mle mle ndani ya korodani, ambayo ni kali mara nyingi zaidi. Ukijichoma ya chupa, ubongo unaona imejaa, unaacha kutuma wajumbe, kiwanda kinalala. Hamu ipo juu, misuli ipo, chunusi zipo, mbegu hamna. Na nadhani korodani nazo zimepungua ukubwa, ila hujasema.

Mnajua sindano hii ilishafanyiwa utafiti kama uzazi wa mpango wa wanaume? Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo mwaka 1990. Wanaume 271 kutoka nchi saba, sindano ya testosteroni enanthati, hiyo hiyo yako, miligramu 200 kwa wiki. Ndani ya miezi sita, 157 walifika sifuri. Hao sifuri wakaendelea mwaka mzima bila kinga nyingine yoyote, na mimba ikapatikana moja tu. Wewe piga hesabu: 250 mara mbili ni 500 kwa wiki. Kocha wako anakuchoma kinga ya mimba, tena anakutoza.

Sasa habari njema. Mwaka 2006 yalikusanywa matokeo ya wanaume zaidi ya 1,500 waliokuwa kwenye tafiti za namna hiyo wakaacha. Ndani ya miezi sita, 67 kati ya kila 100 walikuwa wamerudi kwenye milioni 20 kwa mililita. Ndani ya mwaka 90. Miezi 24 wote. Lakini hao dozi zao zilipimwa. Vichupa vya jimu vina mambo yake, na wengi huchanganya na vingine, kwa hiyo inaweza kuchukua muda zaidi.

Tena usidhani nimeshakutibu hapa. Nenda kliniki ya mkojo na uzazi wa wanaume. Hospitali ya KCMC pale Moshi wana idara hiyo siku nyingi. Watakushika korodani, watapima FSH, LH na testosteroni. FSH ikiwa chini kabisa, boya ndilo mshukiwa. Ikiwa juu sana, korodani zenyewe zina shida na hilo ni jambo jingine. Ikiwa kawaida, huenda kuna njia imeziba. Wataangalia pia kama mishipa ya korodani ya kushoto imevimba. Na kichupa wapelekee, usikifiche. Zipo dawa za kuiamsha ile njia, klomifeni na nyinginezo, ila asikuandikie mtu wa jimu.

Baba_Neema_Usa amejibu:

Nilikuwa nimeapa sitaandika hii kitu popote.

Mimi ni fundi rejeta, Usa River. Nilichoma miaka miwili. Tabibu amesema vizuri, ila hakukwambia ukiacha inakuwaje. Wiki ya tatu nikawa kama gunia. Asubuhi kuamka ni kazi, hasira za ajabu, na kule chumbani wiki sita hakuna kitu, hata ukipuliza filimbi. Jimu wakaniita "bibi". Nikarudi kuchoma mara moja, nikajiharibia, nikaanza upya. Kwa hiyo mwambie mke wako mapema, siyo siku unashindwa.

Vipimo vyangu nilivibandika ndani ya kabati la spana. Mwezi wa nne tangu niache: sifuri. Mwezi wa saba: milioni 3. Mwezi wa kumi na moja: milioni 19. Neema ana meno mawili sasa.

Daktari aliniambia mbegu moja inachukua kama miezi miwili na nusu kuiva, ndiyo maana kupima kila wiki ni kujitesa. Nilikuwa nataka kupima kila Ijumaa kama mshahara.

Mama_Maabara amejibu:

Baba Neema, Mungu akuzidishie. Kipuri, umesikia wiki ya tatu.

Mzee_wa_Mizizi amejibu:

Hata mimi nina ya kuondoa sumu za sindano.

Kipuri_Sakina amejibu (siku nne baadaye):

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa najipanga. Tabibu, ulivyosema kuhusu ukubwa ni kweli. Nilikuwa nimeona nikadhani ni baridi ya mwezi wa saba.

Nimemwambia juzi usiku. Nilitegemea alie au anitukane. Alisimama, akaenda kabatini, akatoa faili lake lenye mapicha yote, fomu na risiti, akaliweka mezani juu ya sahani yangu. Akasema, "Hesabu." Nikahesabu. Laki sita na arobaini elfu, bila nauli. Akaniuliza kocha anachukua ngapi kwa mwezi. Nikamtajia. Akaenda kulala.

Asubuhi kile kichupa hakikuwa mahali pake. Baadaye nikakikuta kwenye mkoba wake, amekifunga na karatasi ya maabara kwa mpira, tayari kwa kliniki. Anaenda na mimi Moshi Jumatano. Sikumwomba.

Kocha nimemwambia natulia kidogo. Kaniambia mwili utaporomoka kabla ya Desemba, nitapanda Machame nimekuwa fito. Wacha nipande fito.

Mama Maabara, swali la mwisho. Wakitaka sampuli nyingine siku hiyo hiyo, kuna nyumba ya wageni karibu na hospitali? Sitaki tena kubeba kikopo kwapani kutoka Arusha.

Mama_Maabara amejibu:

Zipo, chagua isiyo na baa chini. Lakini ulishaanza kuhesabu siku? Leo ni Jumapili.

Kipuri_Sakina amejibu:

Dada, tangu nimwambie, hesabu inajihesabu yenyewe.