Kamusi ya Kirangi na fedha za makanisa: mkataba usomwe vipi?

bicha_kondoa:
Wakuu, hapa Kondoa kuna kikundi kinakusanya maneno ya Kirangi, Waislamu kwa Wakristo. Shirika la tafsiri ya Biblia limeahidi kompyuta, programu na mafunzo. Wazee wanauliza hela inatoka wapi na nia ni nini. Tukisaini tunajifunga kwa lipi?

mwanaisimu_dom:
Nia haijafichwa. SIL, shirika la isimu la Kikristo, ilianza 1934 Marekani kama mafunzo ya kiangazi, Wycliffe, shirika la kutafsiri Biblia, ikafuata 1942, na mkono wa mmisionari Cameron Townsend umo kwenye zote mbili. Mtaalamu anayeletwa kwa kawaida hulipwa kwa michango ya makanisa na marafiki wa kwao, naye huwaandikia barua kueleza kazi ilipofikia. Kiini kipo hapo: wachangiaji wanataka kusikia tafsiri ya Injili ya Luka imefika sura ya ngapi, habari za kamusi kufika herufi M haziwagusi sana. Hela ikipungua, kamusi ndiyo huwekwa kando. Basi dai bajeti ya kamusi iandikwe peke yake.

Mashaka ya wazee si mageni. Mexico ilivunja mkataba wake na SIL 1979.

fundi_tahajia:
Mimi ningeangalia faili kwanza. Maneno yakiingizwa FieldWorks, programu ya kutengenezea kamusi, kikundi kipewe kila mwezi nakala ya LIFT, muundo wa faili za kamusi unaofunguka kwenye programu nyingine, pamoja na sauti ghafi, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Mradi ukibaki kwenye kompyuta ya shirika tu, mtaalamu akiondoka mnabaki na PDF isiyoharirika.

Kisha leseni. CC BY-NC-ND, leseni ya Creative Commons inayozuia biashara na marekebisho, inamaanisha duka la vitabu mjini haliwezi kuchapa likauza, wala mwalimu hawezi kusambaza toleo alilolirekebisha. Ombeni BY-SA, inayoruhusu yote mawili mradi mtunzi atajwe na toleo jipya libaki na leseni hiyo hiyo.

La tatu ni tahajia, na hapa ndipo watu hugombana. Kirangi kina irabu saba, na maandishi yaliyopo hutumia ɨ na ʉ. Kitabu cha kwanza kuonekana nazo kikiwa Injili, zitaitwa herufi za kanisa, na nusu ya wasomaji mmewapoteza. Anzeni na methali au kilimo cha mtama. Kwenye simu wekeni kibodi ya Keyman, programu ya kuandikia herufi za lugha mbalimbali, na hakikisheni ni U+0268 na U+0289 zenyewe, yaani namba za ɨ na ʉ katika Unicode. Mtu akichora kistari juu ya i ya kawaida, utafutaji kwenye kamusi hautaliona neno.

kwa_mtoro:
Fedha zisizo za dini zipo, ila nazo zina masharti. Mradi wa Lugha za Tanzania pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulilipiwa na Sida, shirika la misaada la serikali ya Sweden, ukatoa atlasi 2009. ELDP, mpango wa kurekodi lugha zilizo hatarini kutoweka unaofadhiliwa na mfuko wa Arcadia, inataka rekodi ziwekwe kwenye hifadhi yao, kwa hiyo ridhaa ya kila mzee irekodiwe kabla hajaanza kusimulia. Pitieni UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Akija mtafiti mgeni, mwombeni kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Na hata mkikataa hela ya kanisa, FieldWorks na Keyman ni za SIL, na msimbo wa Kirangi katika ISO 639-3, orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, yaani lag, msajili wake ni SIL hao hao!

bicha_kondoa:
Nembo yao kwenye jalada je?

fundi_tahajia:
Mbele jina la kikundi tu. Wafadhili wote waandikwe ukurasa wa hakimiliki, herufi za ukubwa mmoja, na hilo liwe kifungu cha mkataba kabla kompyuta hazijapokelewa.